Transfa: kasha la kugawa nguvu

Nyuma ya giaboksi ya magari mengi yanayovuta kwa magurudumu yote manne kuna kasha jingine la chuma, dogo kuliko giaboksi lakini zito. Mafundi wetu huliita transfa. Waingereza huliita sanduku la kuhamisha, Wamarekani kasha la kuhamisha; sisi tumechukua neno lao la kuhamisha, "transfer", peke yake tukalitamka kwa sauti yetu. Neno limekaa vizuri mdomoni na sioni sababu ya kulifukuza gereji. Shida huanza pale mwalimu wa ufundi anapotaka kulieleza darasani, au mtu anapoandika mwongozo kwa Kiswahili. Akitafsiri kwa haraka anapata "kasha la uhamisho", na msomaji anawaza barua ya mtumishi wa serikali aliyepelekwa wilaya nyingine.

Kabla ya kuchagua jina inafaa tujue kasha lenyewe linafanya nini. Nachukua mfano wa LT230, transfa iliyoingia kwenye Land Rover mwaka 1983 na kubaki kwenye Defender ya zamani hadi uzalishaji wake uliposimama mwaka 2016. Ile namba 230 ni umbali kwa milimita kati ya shafti inayopokea mzunguko kutoka giaboksi na shafti inayoutoa kwenda kwenye magurudumu. Lala chini ya Defender uangalie: giaboksi iko katikati ya gari, lakini propela shafti zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zimesogea upande wa kulia. Mzunguko umetolewa katikati ukapelekwa pembeni. Kwa kazi hiyo ya kwanza, jina la Kiingereza ni la haki.

Kazi ya pili ni kupunguza kasi ili kuongeza nguvu. Ukiingiza gia nzito ya transfa, shafti ya giaboksi inazunguka mara 3.32 ili shafti ya kutokea izunguke mara moja. Ukirudisha gia nyepesi, kwenye Defender nyingi hesabu hiyo inashuka hadi 1.41. Ndiyo maana kwa gia nzito gari lililokwama kwenye tope linatambaa taratibu na bado linavuta.

Kazi ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni kugawa. Ndani ya LT230 kuna difu ya kati inayopeleka mzunguko mbele na nyuma wakati wote, na kuruhusu pande hizo zitofautiane kasi gari linapokata kona. Ukiifunga difu hiyo, mbele na nyuma vinazunguka sawasawa; kwenye mchanga ni msaada, kwenye lami kavu ni kuumiza vyuma.

Anayeifungua transfa na kuifunga upya nyumbani atakutana na kazi hizi zote, kwa sababu hitilafu nyingi zinakaa kwenye mojawapo. Ila kabla hajashika spana kuna jambo la kuokoa maisha. Breki ya mkono ya Defender hiyo ya zamani haikamati magurudumu. Dramu yake imefungwa mgongoni mwa transfa, pale propela shafti ya nyuma inapoanzia. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu ya ekseli inaliruhusu lile lililo hewani lizunguke kinyume huku lililo chini likibiringika, na gari linateleza kutoka kwenye jeki hata kama breki imevutwa hadi mwisho. Weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Na transfa yenyewe usiishushe kwa kuilaza kifuani. Tafuta jeki ya giaboksi na mtu wa pili.

Tuseme umeshaifunga, umeipandisha, na sasa inalia. Usiishushe tena kabla ya kuihoji. Simamisha gari, weka lever ya transfa frii, washa injini, ingiza gia ya giaboksi na uachie klachi. Gari halitaondoka, lakini gia ya kupokea na zile za kati zinazunguka, huku shafti ya kutokea imetulia. Mlio ukisikika hapo, rudisha giaboksi frii uache klachi imeachiwa. Ukikoma, lawama inaelekea kwenye beringi za kupokea au za kati. Ukiendelea, angalia giaboksi kwanza. Kama kote huko ni kimya na mlio unakuja gari likitembea tu, fuata difu ya kati, shafti za kutokea na propela zenyewe.

Beringi za gia za kati ndizo zinazowashinda wengi. Hukazwa kwa kipimo, na kati yake kuna bushi nyembamba inayotakiwa kuminyika nati inapokazwa. Ikishaminywa mara moja imekwisha kazi. Anayeirudisha ile ya zamani ili kuokoa pesa hawezi kupata mkazo sahihi: akilegeza, gia zinacheza na kulia, pengine kuruka; akikaza mno, beringi zinapata moto na kufa mapema. Nunua mpya. Hii si sehemu ya kubana matumizi.

Hitilafu nyingine hujificha kwenye mafuta. Kati ya giaboksi na transfa kuna sili inayotenganisha mafuta ya vyombo hivyo viwili. Wakati wa kupandisha, meno ya shafti ya giaboksi huweza kuchana mdomo wa sili hiyo ikiwa mtu anasukuma bila kulenga, au hakuyafunika meno kwa utepe laini. Nje hutaona tone hata moja. Baadaye unafungua nati za kukagulia: upande mmoja mafuta yamepungua, upande wa pili yanamwagika kwa kuzidi. Anayeamini kila mafuta yanayopotea lazima yadondoke chini atahangaika sana. Kama yanadondoka kweli, kagua kwanza ncha mbili za shafti ya gia za kati. Raba zake za mviringo ni nafuu, na ndizo huanza kuvujisha.

Halafu kuna taa ya difu. Umeifungua difu ya kati lakini taa ya kwenye dashibodi inaendelea kuwaka. Mara nyingi hakuna kilichoharibika: vyuma vimejisokota kwa sababu gari lilitembezwa kwenye ardhi ngumu difu ikiwa imefungwa. Rudi nyuma mita chache, msokoto uachie. Ikigoma hata hapo, chunguza uma wa kuiingiza na kuitoa, kisha swichi ya taa.

Turudi kwenye jina. "Kasha la mgawo" ni fupi na linavutia, lakini Mtanzania akisikia mgawo anaona giza la umeme uliokatwa. "Kigawanyo" kimeshachukuliwa na walimu wa hesabu. Nimebaki na "kasha la kugawa nguvu". Najua linaiacha nje kazi ya kupunguza, na linaiacha pia ile ya kuhamisha. Lakini giaboksi nayo inapunguza, na kuhamisha ni njia tu ya kufikia propela. Kinacholifanya kasha hili kuwa chombo cha peke yake ni kwamba nguvu inaingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa milango miwili. Jina hilo linafaa hata kwa transfa za magari yasiyo na difu ya kati, ambazo huunganisha propela ya mbele pale tu dereva anapotaka.

Kwa hiyo unayeandika mwongozo au kufundisha chuoni, liandike "kasha la kugawa nguvu" mara ya kwanza, useme kwamba gereji linaitwa transfa, kisha endelea na transfa hadi mwisho wa ukurasa. Fundi atakuelewa, na mwanafunzi atajua aanzie wapi kutafuta mlio.