Sheferi na Sekta Si Kitu Kimoja



Familia iliyokimbia vita ikifika ugenini huulizwa: "Mmepokelewa na nani?" Kule Walungu utaelekezwa kwa watu wa Mwami wa Ngweshe. Kule Fizi utapelekwa kwa shefu wa sekta, ya Tanganyika au ya Mutambala. Wengi hudhani ni cheo kimoja chenye majina mawili. Sivyo.

Dekreti ya Wabeleji ya mwaka 1910 iliigawa nchi katika sheferi, na kila mkubwa aliyetambuliwa akavishwa medali. Kufika 1917 sheferi zilizidi 6,000! Nyingine zilikuwa vijiji vichache tu. Basi dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaruhusu zile ndogo zikusanywe pamoja ziitwe sekta, na shefu wake akawekwa na utawala. Hivyo wazee wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya mtu wa ukoo mwingine, bila wao kuulizwa. Hasira ya siku ile haijapoa mahali pengi.

Sheria ya 2008 imeshika njia hiyo hiyo. Mkubwa wa sheferi hutolewa na desturi, kisha Serikali humtambua. Shefu wa sekta anatakiwa achaguliwe, kwa sababu sekta ina jamii nyingi zisizo na mwami mmoja. Uchaguzi huo umechelewa miaka na miaka, na mashefu wengi wamewekwa kwa uteuzi.

Lakini sikia vizuri, wewe uliyehama kwenu. Kwa Katiba ya 2006 sheferi na sekta zina cheo sawa. Akikuambia mtu, "Hii ni sheferi, mgeni hakai," Katiba hiyo, ibara ya 30, inampa kila aliye nchini haki ya kukaa mahali anapotaka. Haki ya kukaa, lakini, si shamba. Udongo ni wa Serikali tangu sheria ya 1973, ingawa kijijini bado unagawanywa kwa desturi.

Kwa hiyo kwenye sekta usishike neno la shefu peke yake. Mipaka wanaijua wazee wa kijiji. Kwenye sheferi, uliza kama aliyekupa shamba ametumwa kweli na mwami. Pote pawili, andikeni karatasi mbele ya mashahidi kabla ya kupiga jembe la kwanza.