Idhini Hutangulia Msingi

Ndugu Waislamu, wako wanaodhani kwamba kuomba kibali cha kujenga ni jambo lililozuliwa na serikali za siku hizi, na kwamba msikiti, kwa kuwa ni nyumba ya Mungu, hauhitaji idhini ya mtu. Tarehe yatufundisha vingine.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina mwaka 622, ngamia wake alipiga magoti katika kiwanja cha kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, lakini Mtume hakuridhia mpaka kiwe kimenunuliwa. Ndipo msingi ukawekwa.

Hapa Uganda nako ardhi ilitangulia. Kwa Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, Mwanamfalme Nuhu Mbogo aliandikiwa maili za mraba 24, zake na za wafuasi wake. Zilikuwa chache mbele ya maili 92 walizopewa wamisionari, walakini ziliandikwa, na kilichoandikwa huweza kudaiwa. Mwanawe, Badru Kakungulu, akatoa ardhi juu ya kilima cha Kibuli. Jiwe la msingi wa msikiti likawekwa mwaka 1941, na mwaka 1951 ukafunguliwa. Wazee wetu walianza na ardhi yenye mwenyewe anayejulikana, matofali yakafuata.

Miji ilipokua, juu ya haki ya mwenye ardhi ikaongezeka haki ya jirani: maji yapate njia, moto usienee, ukuta usiwaangukie watu. Sheria ya mwaka 2010 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi imeitia nchi nzima, hata vijiji. Na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 imeweka kamati za majengo wilayani na mijini. Mwombaji hupeleka hati ya ardhi na michoro ya wataalamu, hupata idhini ya mipango, kisha kibali cha ujenzi. Kazi hukaguliwa hatua kwa hatua, na jengo likiisha hutakiwa kibali kingine kabla ya watu kuingia.

Malalamiko twayasikia: safari ni nyingi, ada ni nzito, majibu hukawia. Hata hivyo, sadaka ya mjane iliyonunua mfuko wa saruji ni amana shingoni mwetu. Ukuta uliojengwa pasipo kibali waweza kuamriwa ubomolewe, na hasara ni ya mjane yule. Na wakfu usio na hati, mashahidi wake wakiisha kufa, hugeuka kesi baina ya warithi na waumini.

Basi kila jamaa inayokusudia kujenga na itie kwanza hati ya wakfu, michoro na kibali katika sanduku moja, kisha ndipo iwaite watu kuchimba. Mayatima wa Madina walikuwa wadogo wasio na nguvu, na haki yao ilingojewa.