Sidiria: Ilivyotufikia na Namna ya Kuichagua

 Mada yetu ya leo ni sidiria. Najua kuna mama ambaye sasa hivi amenyoosha mkono apunguze sauti ya redio kwa sababu baba mkwe ameketi hapo nje. Mama, iache ilivyo. Haya ni mambo ya afya, na hiyo aibu ni sehemu ya tatizo, kama tutakavyoona.

Nitaanza na historia, kwa maana ukijua nguo hii ilitoka wapi utaelewa kwa nini inakubana.

Jina lenyewe, sidiria, linatokana na neno la Kiarabu la kifua. Lakini vazi tunalolijua leo lilitoka Ulaya na Marekani. Wanawake wa huko walikuwa wakivaa koseti, vazi gumu la kufunga kiwiliwili kwa kamba hadi mtu anahema kwa shida. Mwaka 1889 mwanamke mmoja wa Paris, Herminie Cadolle, aliigawa koseti vipande viwili, na cha juu kikawa cha kushikilia matiti. Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob wa New York akapata hati ya serikali ya Marekani ya kuthibitisha uvumbuzi wake wa sidiria nyepesi. Ile ya kwanza, yasemekana, aliishona kwa vitambaa viwili vya mkononi na utepe.

Hapa kwetu nyanya wa nyanya zetu hawakufunika kifua, na hakuna aliyewaona kuwa hawana adabu. Mtoto alinyonya wakati wowote alipotaka. Kisha mambo yakabadilika upesi. Wamisheni wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na Wakatoliki wakaanzisha misheni ya Mukumu mwaka 1906. Wasichana waliofika misheni walifundishwa kushona, na kifua kilichofunikwa kikawa alama ya msomaji na mwumini. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wageni walimiminika, na biashara ya vitambaa ikakua pamoja nao, ikiwemo merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi.

Nataka tukumbuke jambo hilo. Kifua kilifunikwa kwanza kwa ajili ya heshima, si kwa ajili ya afya. Ndiyo maana hadi leo mama wengi huchagua sidiria kwa kuangalia inavyoonekana chini ya blauzi. Mwili wanausahau.

Sidiria nyingi zilitufikia kupitia mitumba. Zamani tulikuwa na viwanda vyetu vya nguo, kama KICOMI pale Kisumu na Rivatex kule Eldoret. Katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa, beli za mitumba zilijaa kila soko, viwanda vikashindwa kushindana, na vingi vikafunga milango. Mama aliyekuwa hawezi kununua sidiria mpya akaipata kwa bei ya mkungu mdogo wa ndizi. Mimi sitamcheka mtu aliyenunua hapo, maana wengi wetu tulikulia katika nguo hizo.

Lakini angalia vizuri. Ile sidiria ilishonewa mwanamke mwingine, wa nchi nyingine, na ililegezwa na mwili wake. Lastiki yake imeshachoka kabla hujaigusa. Hapo ndipo mama huchukua saizi ndogo ili ashikwe vizuri, na vikombe vinakuwa vidogo mno.

Tena kuna zile namba. Herufi A, B, C na D zilianza Marekani katika miaka ya 1930, kampuni ya S.H. Camp ilipozitumia kuonyesha ukubwa wa matiti. Namba huonyesha mzunguko wa mwili chini ya matiti, na herufi huonyesha ukubwa wa kikombe. Shida ni kwamba kila nchi ina vipimo vyake. Iliyoandikwa 34B huko Uingereza huandikwa 75B Ujerumani na 90B Ufaransa. Kwenye rundo moja la mitumba utazikuta zote tatu, na muuzaji atakuapia kuwa ile ya 90 ni ya mama mnene! Usibishane naye. Ivae juu ya fulana nyembamba hapo hapo, au nenda na uzi uliojipimia nyumbani.

Kujipima si kazi. Chukua uzi au utepe wa fundi wa cherehani, zungusha chini kabisa ya matiti, ukaze kidogo bila kujibana. Huo ndio urefu wa mkanda unaoutafuta. Mkanda ndio unaobeba uzito; kamba za mabegani ni za kusaidia tu. Ukiona mifereji mabegani jioni, ujue mkanda umelegea na mabega yanabeba mzigo usio wake. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila taabu. Nyama isifurike juu ya kikombe wala kwapani, na waya, kama ipo, isikalie titi. Sidiria mpya ifunge kwenye kishikizo cha mwisho, kile cha kulegeza, kwa sababu lastiki itavutika kadiri siku zinavyokwenda na utahitaji vile vya ndani.

Mama mjamzito na anayenyonyesha, hapa nakuomba usikilize zaidi. Matiti hukua wakati wa mimba, na siku ya pili hadi ya nne baada ya kujifungua maziwa huingia kwa wingi. Sidiria uliyovaa kabla ya mimba haitakutosha. Ikikubana, maziwa yanaweza kuziba njiani, titi likawa na donge linalouma, ngozi ikawa nyekundu na homa ikapanda. Mama akiumia hivyo huogopa kumweka mtoto kwenye titi. Mtoto anaanza kupewa maziwa ya ng'ombe au uji kabla ya miezi sita, na kuharisha kunafuata. Likiziba, endelea kunyonyesha na uvue kinachobana. Homa ikiingia, njoo zahanati siku hiyo hiyo. Kwa miezi hiyo tafuta ya pamba, isiyo na waya, inayofunguka mbele au yenye kikombe kinachoshuka.

Kuhusu kitambaa, nailoni ilivumbuliwa katika miaka ya 1930, na mwaka 1958 kampuni ya DuPont ya Marekani ikapata ule uzi unaovutika tunaouita laikra. Laikra kidogo ni nzuri, ndiyo inayofanya mkanda urudi mahali pake. Lakini nailoni au poliesta tupu haifyonzi jasho. Mama anayelima au anayebeba kuni hutoka jasho chini ya matiti, unyevu unakaa hapo, ngozi inasuguana, na fangasi wanaota. Utaona wekundu, muwasho na harufu. Kitambaa kinachogusa ngozi kiwe cha pamba. Ukirudi nyumbani oga, jikaushe vizuri chini ya matiti, na ukiweza kaa bila sidiria kwa muda.

Sasa ile aibu niliyoitaja. Wengi huanika sidiria chini ya leso nyingine, au ndani ya nyumba nyuma ya mlango, ili mashemeji wasiione. Haikauki. Mama anaivaa asubuhi ikiwa na unyevu, kisha anashangaa upele hauishi hata akipaka dawa. Ianike juani. Kama kuna watu, tafuta upande wa nyuma wa nyumba, lakini jua liifikie.

Na pesa! Wanawake wetu wameifanya sidiria kuwa benki. Noti ile imepita mikononi mwa makondakta na wauza samaki, kisha inalala karibu na chuchu ambayo mtoto ataiweka mdomoni. Shona mfuko mdogo ndani ya sketi.

Kuhusu mitumba, mwaka 2023 shirika la KEBS lilisisitiza kwamba nguo za ndani zilizotumika haziruhusiwi kuingizwa nchini, na Zimbabwe ilikuwa imezikataza tangu mwishoni mwa 2011. Kwa hiyo ukiweza, nunua mpya, hata kama ni moja badala ya tatu. Ikiwa tayari unayo ya mtumba, iloweke kwa sabuni na maji moto, isuuze hadi povu liishe, na uikaushe juani kabla ya kuivaa mara ya kwanza.

Nimeulizwa mara nyingi kama sidiria huleta saratani. Uvumi huo ulienezwa na kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1995. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, waliwalinganisha wanawake zaidi ya 1,000 waliougua saratani ya matiti na 469 wasiougua, wote wa umri wa miaka 55 hadi 74. Hawakuona uhusiano wowote, iwe mtu alivaa yenye waya au isiyo na waya, kwa saa chache au siku nzima. Sidiria mbaya itakuumiza ngozi, mabega na maziwa ya mtoto, lakini hiyo saratani msiitwike.

Ila unapoivua jioni, jitazame. Donge lisiloondoka, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoanza kuingia ndani au inayotoa damu, usingoje kliniki ya mtoto. Njoo kesho.