Mtoto Husemeshwa

Herodotus Myunani ameandika ya kuwa Psammetichus, mfalme wa Misri katika karne ya 7 kabla ya Kristo, alimkabidhi mchungaji watoto wachanga wawili, akaamuru lisitamkwe neno mbele yao. Alitaka kujua lugha ya kwanza ya wanadamu. Baada ya miaka 2 wakasema “bekos”, yaani mkate kwa lugha ya Wafrigia. Mimi naona waliiga mbuzi waliowanyonyesha!

Njia iliyo kinyume cha kimya hicho ilichunguzwa Embu, chini ya Mlima Kenya, katika miaka ya 1980. Mtoto wa miezi 7 hivi hurudiarudia “bababa”, na karibu ya kutimiza mwaka hutamka neno. Marian Sigman na wenzake waliwatazama watoto wa Embu majumbani mwao tangu miezi 15 hata 30. Taarifa yao ya 1988 ilionyesha ya kuwa waliosemeshwa mara nyingi, na sauti zao zikajibiwa, walifanya vema zaidi walipopimwa akili.

Labda nawe, msomaji, ulimbeba mdogo wako mgongoni, ukamjibu “bababa” yake kana kwamba ameuliza jambo.