Kilwa katika Mchezo wa Mjukuu

Jamaa zangu wapendwa, juzi hapa Dubai mjukuu wangu alinionyesha mchezo wa kompyuta uitwao Europa Universalis IV. Waanzia mwaka 1444, na mchezaji aweza kuitawala Kilwa, hata akawashinda Wareno. Twajua kwamba Wareno waliuteka mji ule mwaka 1505. Hilo halikuniudhi: mchezo ambao mwisho wake umekwisha kuandikwa hauchezeki, na masultani wa Kilwa nao hawakuijua kesho yao.

Kilichonihuzunisha ni merikebu zake, zilizokwenda Maskati na kurudi mwezi wowote alioutaka. Mabaharia wa Omani waliteremka pwani kwa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, wakarejea kwa kusi. Kati ya pepo hizo mbili walingoja. Miezi ya kungoja humchosha mchezaji, naelewa. Lakini ni katika miezi hiyo wageni walipooa, wakazaa, wakajifunza Kiswahili. Mimi nanyi tu wazao wa kungoja huko.

Nilipomweleza, mjukuu aliusimamisha mchezo, akaniuliza: "Babu, kusi huanza mwezi gani?"