Ontolojia: 'Kamusi' ya vihisi kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay

Kihisi kimetuma namba 40. Je, ni kasi ya upepo au unyevu wa hewa? Imetoka Mbamba Bay ziwani au Mbinga kwenye kahawa? Kompyuta haijui mpaka iambiwe.

Kazi hiyo hufanywa na ontolojia: maelezo rasmi yanayosomwa na kompyuta, yanayotaja kihisi kiko wapi, kinapima nini na kwa kipimo gani. Mwaka 2017, taasisi za W3C na OGC zilitoa ontolojia ya pamoja ya vihisi, SSN.

Faida yake? Vihisi visivyo na waya hutegemea betri, hivyo haviwezi kupima muda wote. Chukua mfano wa Juni hadi Agosti: upepo wa kusini mashariki hulichafua Ziwa Nyasa, huku Mbinga wakianika kahawa. Upepo ukizidi, mfumo unaojua mazingira yake huamuru vihisi vya ufukweni vipime kila dakika, maana mitumbwi iko majini. Vya mlimani, hewa ikiwa kavu, hupumzishwa.

Lakini ontolojia huandikwa na watu. Wakikosea mahali kihisi kilipo, onyo la mvuvi litamfikia mkulima.