Vidonge vya Kukata Unene Vilivyoharibu Macho ya Watu

Ukishika simu dakika mbili tu, tayari umekutana na tangazo la dawa ya kukata kitambi. Wengi wanadhani ni mambo ya juzi. Kumbe mchezo huu una karibu miaka 100!

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya mabomu Ufaransa walianza kukonda bila kujinyima chakula. Jasho liliwatoka, joto la mwili likapanda, na baadhi yao wakafa. Chanzo kilikuwa kemikali ya milipuko iitwayo dinitrofenoli. Ikiingia mwilini, chakula hakigeuki nguvu ya kutosha, kinapotea kama joto.

Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakatangaza kwamba kemikali hiyo inapunguza unene. Basi, watu wakaichangamkia balaa. Iliuzwa bila cheti cha daktari, na inakadiriwa watu 100,000 hivi waliitumia. Kilo zilishuka, hilo halina ubishi. Ila wapo waliokufa kwa joto kali la mwili, na wengine, hasa wanawake, wakapata mtoto wa jicho. Mwaka 1938 Marekani ikapitisha sheria kali zaidi ya dawa, na vidonge vile vikaondolewa sokoni.

Zama zile mtu mnene alionekana mlafi na mvivu. Mwaka 1994 wanasayansi wakagundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuambia ubongo kama akiba ipo. Ukikonda ghafla, leptini inashuka na njaa inakuja kwa kasi. Ndiyo maana wengi wanaopiga diet ya wiki mbili hurudi walikotoka. Ongeza kurithi, usingizi mdogo, soda na chipsi kila siku, kukaa kutwa nzima, na hata baadhi ya dawa za hospitali.

Kwa hiyo tiba nayo si moja. Kuna kubadili mlo na kufanya mazoezi taratibu, kuna dawa zilizopimwa kama semaglutide, iliyoruhusiwa Marekani kutibu unene mwaka 2021, na kuna upasuaji wa tumbo. Yote haya daktari anatakiwa awepo.

Dinitrofenoli bado inauzwa kwa siri mtandaoni, na bado inaua. Kabla hujatuma pesa kwa muuza vidonge, muulize kitu kimoja tu: ndani kuna nini? Akianza kujiumauma, funga pochi yako.